Kuta Zetu, Udongo Wao

“Mnauza na ardhi yake, au nyumba peke yake?”

Aliyeuliza alikuwa amesimama ukumbini mwetu, Mjambere, kiganja juu ya ukuta kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa huku Pwani, na alikuja na mumewe kuitazama nyumba. Mumewe alikuwa ametoka kwenda uani kuchungulia tangi la maji. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni. Kwa hiyo swali liliniangukia mimi, na mimi sikuwa na jibu.

Majibu ya maswali mengine yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, kazi sina, na muda wangu niliumalizia kusoma sheria za kuuza nyumba kama wenzangu walivyosoma riwaya. Nilijua kwamba mkataba wa mauzo lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote mbili, na mashahidi wawepo. Nilijua kwamba mtu hauzi nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Nilijua kwamba nyumba ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na hilo nilikuwa nimelihangaikia mwenyewe, kwa chifu, kwa karani wa mahakama, kwa kaka zangu walioko bara ambao ilibidi wabembelezwe ndipo watie saini. Kwenye fomu ya mahakama, penye mali ya marehemu, niliandika kwa mkono wangu: nyumba na kiwanja, Mjambere. Hakuna aliyenisahihisha.

Nikamjibu muuguzi kwa swali, kama ninavyofanya nikibanwa.

“Nyumba inawezaje kuwa peke yake?”

“Huku kwetu inaweza,” akasema, bila kejeli.

Mama akaingia na sinia. Alikuwa amesikia. “Nyumba ni nyumba, mwanangu. Tukikuuzia bila ardhi utaibeba kichwani?”

Mume akacheka kutoka uani. Muuguzi hakucheka. Aliuliza hati iko wapi, na mimi nikamwambia kile nilichosikia maisha yangu yote: huku Kisauni watu wengi hawana hati, serikali inazungushazungusha, zitatoka siku moja.

“Ni kweli wengi hawana hati,” akasema. “Lakini ardhi haikosi mwenyewe. Hii ya hapa mwenyewe ni nani?”

“Ni sisi,” Mama akajibu.

Muuguzi akamtazama Mama kwa namna ambayo sikuipenda. Wakanywa chai yote kwa adabu, wakaisifu, wakasema tutazungumza, inshallah. Nilijua hawatarudi.

Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kiwandani, Changamwe, na kila siku alivuka kisiwa kizima cha Mombasa kwenda na kurudi, kwa sababu Mjambere ndiko alikopata nyumba ya kununua. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Viwili tulilala, vilivyobaki tulipangisha. Alipoondoka, Mama aliishi humo kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Magoti yalikuwa yakimuuma, maji yalikuwa ya kununua kwa mitungi, na waumini wa kanisa lake walikuwa wamehamia Mikindani mmoja mmoja. Huko Mikindani, muumini mwenzake, mwalimu mstaafu, alikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili kwenye kiwanja chenye hati, na alikuwa tayari kumsubiri Mama mpaka shule zifungwe. Mama alikuwa ameshachagua pa kupanda sukuma wiki. Alizungumza juu ya dirisha la jikoni la nyumba ile kama watu wanavyozungumza juu ya mjukuu. Ili alipate dirisha lile ilibidi tuuze hapa, na tuuze kwa bei ya nyumba yenye kiwanja.

Wazo la kuuza bila dalali lilikuwa langu, ingawa chuki ya madalali ilikuwa ya Baba. Aliwachukia kuliko wezi. Mwizi, alisema, angalau haji na kalamu. Nyumba ile aliinunua mwenyewe, uso kwa uso na mwenyewe, mzee wa mtaa akiwa shahidi, na kila mara aliposimulia habari hiyo alikunja mikono kifuani kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi ndiye niliyerithi kile kifua. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono kabla mhadhiri hajamaliza sentensi. Nani kasema? Ushahidi uko wapi? Wenzangu walinichoka, na nilidhani kuchosha watu ni dalili ya akili.

Mtaani kwetu dalali hakosi. Huyu wa kwetu alikuwa akikaa mbele ya kibanda cha pesa za simu, kofia ya mpira kichwani, viatu vimetolewa na kupangwa kando kama vya mtu aliyefika kwake. Aliposikia kwamba tunauza alinisimamisha.

“Dada msomi, nasikia wataka kuuza nyumba kwa vitabu.”

“Kwa sheria.”

“Haya. Na hiyo nyumba ni ya aina gani?”

“Aina gani vipi? Unaipita kila siku.”

“Naziona kuta,” akasema. “Nakuuliza aina.”

Nikaona ni ule mtego wao wa kumfanya mtu ajione hajui chochote mpaka amlipe anayejua. Nikamwambia ni ya aina inayouzwa bila yeye. Watu kibandani wakacheka, naye akacheka nao, akaniambia nikikwama atakuwepo papo hapo, viatu vyake havina haraka.

Baada ya muuguzi na mumewe kuondoka, Mama alikwenda ukutani, upande wa bibi jirani yetu, akamwita.

Huyu bibi alikuwapo kabla yetu. Ni mjane, wa ukoo wa zamani wa huku, na kati ya uani kwake na kwetu kulikuwa na ukuta mfupi ambao sahani zilipita juu yake. Ramadhani zilikuja kwetu sahani za tambi na mbaazi za nazi. Krismasi zilikwenda kwake za chapati na kuku ambaye Baba alihakikisha amechinjwa na Muislamu. Sahani haikurudi tupu hata mara moja. Nilipokuwa mdogo nilipenda sahani zije kwa sababu ya mkono uliozileta: bangili za dhahabu, nyembamba, nyingi, zikigongana kwa sauti ya mvua inayoanza kwenye mabati. Kisha wakati fulani hazikuwepo tena. Nilimuuliza ziko wapi, kwa sababu hata utotoni nilikuwa hivyo. Alicheka akaniambia zimechoka, zinapumzika.

Alikuja ukutani akijifunika leso.

“Kuna mtu ametuuliza,” Mama akamwambia, “eti hapa tunauza na ardhi au bila ardhi. Mimi sikuelewa.”

Bibi akaegemea ukuta. “Nanyi mkamjibu nini?”

“Nimemwambia ardhi ni yetu.”

“La, mwanangu,” bibi akasema. Alisema polepole, kama mtu anayeshika kitu cha moto. “Ardhi si yenu. Wala si yangu. Hapa sote tuna nyumba tu.”

“Tangu lini?”

“Tangu zijengwe. Kwani hamkujua?”

Hilo neno la mwisho ndilo lililotuumiza. Hakulisema kwa ubaya. Alishangaa kweli, kama ningemwambia kwamba sikujua bahari ina chumvi.

Nilielezwa baadaye na watu wengi, kila mmoja akinieleza kana kwamba ni jambo la kawaida, na kwao lilikuwa la kawaida. Huku Pwani, tangu zama za mababu, mtu alikuwa akimwendea mwenye shamba, akaomba mahali pa kujenga, akapewa, akawa analipa kodi ya ardhi. Alichojenga ni chake. Atakiuza, atakirithisha, atakipangisha. Udongo ulio chini unabaki wa mwenyewe. Watoto wa mjenzi wanazaliwa wakijua hivyo, watoto wa mwenye shamba vilevile, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayesema. Baba alitoka kusikojulikana jambo hilo. Kwetu bara hakuna anayeuza nyumba. Unauza shamba, na nyumba inafuata pamoja na migomba na shimo la choo. Kwa hiyo alipokuja na pesa za miaka ya kiwandani, akaambiwa bei ya nyumba, akaona ni nafuu, alidhani amepata bahati. Aliyemuuzia naye alidhani anazungumza na mtu mzima anayeijua desturi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Nimetafuta mwongo katika habari hii kwa muda mrefu, kwa sababu mwongo angenirahisishia mambo, na sikumpata. Angalau wakati ule sikumpata.

Nilikwenda kufanya upekuzi wa umiliki kwenye ofisi ya ardhi, mjini. Nilipaswa kuanza na hilo, lakini upekuzi unataka namba ya kiwanja, na sisi hatukuwa na namba. Nilikuwa nimejiambia kwamba namba itakuja pamoja na hati. Bibi ndiye aliyenitajia jina la ukoo wa wenye shamba, na kwa jina hilo karani akapata namba. Shamba lilikuwa moja, kubwa, lenye hati moja. Upande wetu wote wa njia, msikiti, kanisa la mabati, kibanda cha pesa za simu, dalali na viatu vyake, vyote vilikuwa ndani ya ile hati moja. Sisi hatukuwa hata alama ya kalamu.

Kisha tukaenda kwa wakili, mimi na Mama. Alikuwa kijana, karibu rika langu, ofisi ghorofani, feni ikivuma bila kupoza kitu.

“Kwa kawaida ya sheria,” akatueleza, “kilichojengwa juu ya ardhi kinaifuata ardhi. Lakini hapa Pwani kuna desturi ya nyumba bila ardhi, na mahakama zinaitambua. Nyumba mliinunua kihalali, mama. Ardhi hamkuwahi kuinunua.”

“Desturi ambayo haikuandikwa popote?” nikauliza.

“Ingeandikwa ingeitwa kitu kingine.”

Mama alikuwa amekaa akishika mkoba kwa mikono miwili. “Na choo?” akauliza.

“Choo, mama?”

“Marehemu alichimbisha shimo la choo mpaka watu wakakutana na maji ya chumvi. Lile shimo ni la nani?”

Wakili akaweka kalamu chini. “Kuta za choo ni zenu.”

“Nimeuliza shimo.”

Alitaka kucheka, akaona uso wa Mama, akaacha. Alisema kwamba shimo ni ardhi.

Mimi nilikuwa na karata yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine miaka kumi na miwili, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kusumbuliwa, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Sisi tulikuwa tumekaa zaidi ya hiyo. Nikaieleza kwa ufasaha, nikingoja uso wa wakili ulainike.

“Bila ruhusa,” akarudia. “Hilo ndilo la kuangalia. Mlikuwa mkilipa kodi ya ardhi?”

“Hapana,” nikasema. “Tungelipaje kitu tusichokijua?”

“Kama hamkulipa, tunaweza kuzungumza. Kama mlilipa, mlikuwa wapangaji wa ardhi, mmekaa kwa ruhusa. Mlango huo haupo.”

Mama akafunga mkoba, akainuka. Tulishuka ngazi, tukafika barabarani, katikati ya watu na mikokoteni.

“Kulikuwa na mtu akija,” akasema.

“Mtu gani?”

“Mrefu, wa kanzu na koti. Kila baada ya mwaka mpya. Baba yako alikuwa akitoka kumkuta nje, wanasimama pale mlangoni, wanamaliza. Nikimuuliza ananiambia ni wa kazini.”

“Na wewe ukaamini? Mtu wa kiwandani, kwa kanzu, kila mwaka?”

“Mimi sikuwa wewe,” Mama akasema. “Mume wangu akiniambia ni wa kazini, ni wa kazini.”

Tulisimama pale. Mwenye mkokoteni akatupigia kelele tupishe njia, tukapisha. Baba alikuwa amejua, basi. Sijui ni lini hasa. Labda mwaka wa kwanza, yule mrefu alipobisha hodi na kudai chake. Alilipa, na hakutuambia. Kwa kulipa alituhakikishia kwamba hatutafukuzwa, na kwa malipo yaleyale alitunyang’anya dai pekee ambalo sheria ingetupa. Akaendelea kukunja mikono kifuani akisimulia alivyonunua nyumba bila dalali. Nami nikakaa miguuni pake nikimsikiliza, nikijifunza kwake jinsi ya kutomwamini mtu yeyote.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba angeambiwa, asingetumia pesa zake kupaka kuta zile rangi.

Tukaenda kwa mwenye ardhi. Mwenyewe wa asili alikuwa amefariki zamani. Aliyekuwa akisimamia mambo alikuwa mjukuu wake, mtu wa makamo, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya magari. Alimpa Mama kiti kizuri, akaagiza soda.

“Pole na msiba, mama. Marehemu tulimjua. Alikuwa mtu wa maswali.” Alitabasamu, na lile tabasamu sikulielewa.

Nilimuuliza kama tunaweza kukinunua kile kiwanja, hata kwa kulipa kidogokidogo.

“Zamani tuliwapa watu nafasi hiyo hiyo, dada. Mlango umefungwa sasa. Familia inataka kuuza shamba zima kwa mkupuo, kwa mtu mmoja.”

“Na walio juu yake?”

“Watazungumza naye huyo mtu mmoja.”

“Na sisi tukitaka kuuza nyumba yetu?”

“Uzeni. Mleteni mnunuzi hapa, tumuandike badala yenu, mtoe ada ya kubadilisha jina.”

“Ada hiyo imewekwa na sheria gani?”

“Desturi,” akasema, akanisogezea soda ambayo sikuigusa.

Nilimuuliza mengi siku ile. Nilimuuliza nani aliyempa babu yake lile shamba, na aliyempa alilipata kwa nani. Alinijibu kwa upole wa mtu ambaye amejibu hayo tangu ujana wake na hajapoteza hata kipande kimoja cha ardhi kwa sababu ya maswali. Swali moja tu sikuuliza. Aliposema zamani tuliwapa watu nafasi, sikumuuliza ni lini, wala ni watu gani. Nililipita kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Mwalimu mstaafu wa Mikindani alisubiri mpaka shule zikafungwa, akasubiri na zaidi kidogo, kwa heshima ya kanisa. Wakati huo walikuja watazamaji wengine kwetu. Safari hii niliwaambia ukweli mlangoni, kabla ya chai: nyumba bila ardhi. Wenye nia ya kuhamia na watoto wao waligeuka hapohapo, nami siwalaumu. Mmoja aliniuliza kama naweza kuandika kwenye mkataba kwamba nitamrudishia pesa zake siku mwenye shamba akimwondoa. Nikamwambia siwezi. Akanishukuru.

Mwishowe nilikwenda kibandani.

“Dada msomi,” dalali akasema. Alivaa viatu kwanza, ndipo akasimama, hilo nililiona. “Nilikuuliza aina.”

“Uliniuliza.”

“Ya bila ardhi ina watu wake, na bei yake. Usiniangalie hivyo. Bei sikuiweka mimi.”

Alimleta mtu mwenye nyumba kama zile nyingi, anayenunua, anapangisha vyumba, anavuna miaka anayoweza kuvuna, akijua siku moja atapoteza. Mtu wa namna hiyo anakata hasara yake mapema, kwenye bei. Mkataba niliuandika mimi, wakili akaupitia, na humo niliweka kila kitu ambacho Baba hakuwekewa: kwamba kinachouzwa ni jengo, kwamba ardhi ni ya mwingine, kwamba mnunuzi amelijua hilo na amelikubali, kwamba mwenye ardhi amearifiwa. Ulikuwa mkataba safi. Wakili alisema hajaona mtu asiye wa fani akiandika vizuri hivyo. Mama alitia saini bila kusoma. Dalali akachukua chake, ambacho nilikuwa nimeapa hatakichukua.

Kilichobaki hakikutosha nyumba ya Mikindani, wala nusu yake. Mwalimu mstaafu akamuuzia mtu wa bandarini. Mama alihamia Mikindani hivyo hivyo, kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu kanisa lilikuwa huko na kwa sababu alikuwa ameshaaga watu. Akienda ibadani anapita mbele ya ile nyumba. Mke wa yule mtu wa bandarini amepanda sukuma wiki, palepale alipokuwa amepachagua Mama. Mama anasema zimeota vibaya, udongo haukutiwa mbolea. Ananiambia hivyo karibu kila Jumapili.

Kwa muda mrefu hasira yangu niliielekeza kwa wote. Kwa mwenye shamba, kwa babu yake, kwa aliyempa babu yake. Kwa sheria inayojua kuandika kila kitu isipokuwa kile ambacho watu wote wanakijua. Kwa Baba nilikuwa na hasira ya namna nyingine, yenye huruma ndani yake: nilidhani kosa lake ni aibu tu. Aliingia kwenye nyumba isiyo na ardhi bila kujua, akajua, akaona haya kumwambia mkewe. Hilo naweza kulisamehe. Nilikuwa nimeshaanza kulisamehe.

Miaka ikapita. Nikapata kazi, si ile niliyosomea. Siku moja bibi jirani, yule wa sahani, alinipigia simu kwa simu ya mpangaji wake, akaniomba nikipata nafasi nipite Mjambere nimsomee barua, macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nilikwenda Jumamosi mchana. Shamba lilikuwa limeuzwa, kwa mkupuo, kwa mtu mmoja kama tulivyoambiwa, ambaye alikuwa kampuni. Barua ilikuwa ilani ya kuwataka wenye nyumba waondoke. Nilimsomea yote. Alinisikiliza huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

Nikamuuliza kama mtaa wote umepata.

“Huku kwetu tumepata. Wale wa ng’ambo ya njia hawakupata. Wao ardhi ni yao.”

“Ni yao vipi?”

“Waliuziwa. Tulipoitwa sote.”

Basi akanisimulia, kwa sauti ileile ya kuchambulia mchele. Wenye shamba waliwaita wenye nyumba wote mkutanoni, uwanjani penye msikiti, wakawaambia atakaye kiwanja chake atanunua, atalipa polepole, atapewa hati yake. Baba alikuwapo. Alisimama. Aliuliza maswali mazuri, bibi akasema, maswali ya mtu aliyesoma. Nani kasema shamba ni lao? Wao walilinunua kwa nani? Kwa nini tununue mara ya pili tulichokwisha kununua? Wale wa ng’ambo ya njia hawakumjua, wakaona anapiga kelele, wakajiandikisha. Huku kwetu walimjua na walimheshimu, wakarudi nyumbani pamoja naye. Wakati wa kujiandikisha ukaisha.

“Babako alikuwa mtu wa haki,” bibi akasema. “Wallahi, alisema kweli tupu.”

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mama, siku ile ukutani. Akasema mjane haongezewi mzigo juu ya mzigo. Kisha, kwa kuwa bado nilikuwa nimemkodolea macho, na kwa kuwa mimi nilikuwa yule mtoto aliyewahi kumuuliza, akanijibu na lile swali la zamani. Siku ya mkutano alikwenda na malipo yake ya kwanza, yamefungwa ndani ya leso. Alikuwa ameuza bangili zake asubuhi ile. Baba yangu ndiye aliyemwambia asilipe.